Miguu ya Prof Ilisema Maji

Goma kila mtu ana hofu yake. Kuna anayeogopa mlima wa moto, kuna anayeogopa gesi iliyolala chini ya ziwa, kuna anayeogopa watu wa bunduki, na wengi wetu tunaogopa vyote kwa zamu, kulingana na siku ilivyoamka. Prof aliogopa unyevu. Alitembea na mwavuli hata wakati wa kiangazi, akaruka vidimbwi ambavyo mtoto wa miaka mitatu angevikanyaga tu, na mvua ikianza kupiga mabati alinyamaza katikati ya sentensi, akageuza sikio juu, kama mtu aliyesikia akiitwa. Sisi tulicheka. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, tulicheka sana.

Tulimwita Prof, basi. Alifundisha biolojia katika sekondari moja ya Murara. Amenifundisha mimi, amewafundisha kaka zangu wote, na nyumba yake ya mbao ilikuwa nyuma ya yetu, tukitenganishwa na ukuta wa mawe meusi ambao kuku walipita juu yake bila viza. Baadaye nilipoanza kuuza viatu vya balo, vile vinavyotujia vikiwa vimeshavaliwa na miguu ya Ulaya, alikuwa mteja wangu. Kwa hiyo namjua kwa upande wa ubao, kwa upande wa ukuta, na kwa upande wa miguu. Huu wa miguu ndio unaonikosesha usingizi.

Somo lake la ngozi lilijulikana shule nzima. Aliingia darasani na beseni, na bidon ya maji ya ziwa yaliyotekwa alfajiri, na sashe ya plastiki ambayo alikuwa ameipulizia mbele yetu ili tuone haina tundu. Mwaka wetu aliniita mimi. Nilivaa ile sashe kama glavu, nikazamisha mkono katika beseni, plastiki ikanibana kila kidole.

"Unasikia nini?" akauliza.

"Mayi, Prof."

"Mukono imelowa?"

"Imelowa kabisa!"

"Toa sasa."

Nikatoa. Mkono ulikuwa mkavu, vumbi la chaki bado liko kwenye kucha. Darasa likapiga kelele, nami nikaona haya kama niliyekamatwa nikidanganya.

"Ngozi haijui mayi," Prof akasema, akitembea kati ya mabenchi. "Ngozi inajua baridi. Inajua joto. Inajua kitu kikiikamata. Lakini mayi, hapana, haina mulango wa mayi. Baridi na kukamatwa vikifika pamoja, kichwa inasema: ah, haya ni mayi. Kichwa inakisia, batoto. Inakisia tu."

Nimesahau mengi ya shule ile. Hilo sikulisahau, maana nilirudi nyumbani nikamwambia mama, na mama akasema mtu huyo amesoma mpaka akili zimechemka.

Tatizo la Prof ni kwamba hakuyaacha masomo shuleni. Hapa kwetu asubuhi ni baridi, na nguo zilizolala nje kwenye kamba zinakuwa baridi hata zikiwa kavu. Mama zetu wana desturi: unachukua ncha ya nguo, unaiweka kwenye shavu. Ukisikia baridi, unasema "bado," unaiacha. Prof alikuwa akitokea juu ya ukuta na kikombe chake cha chai: "Mama, ingiza nguo. Iko kavu. Ni baridi inakudanganya." Mama akasema, "Prof, shavu ni langu." Siku moja akaruka ukuta mwenyewe, akachukua fulana ya kaka yangu, akaiweka kwapani, akasimama hapo akinywa chai mpaka ikapata joto, kisha akampa mama: "Shika sasa. Kuna mayi?" Hakukuwa na maji hata kidogo. Lakini mama aliifua tena fulana ile, kwa ajili ya kwapa.

Na kuna wakati alishinda. Mlima ulipomwagika, mawe yale yaliyoshuka yalikaa na joto siku nyingi, na wanawake wa avenyu yetu wakasema, Mungu ametupa pasi ya bure. Wakatandika nguo juu ya mawe. Ukizishika zilikuwa na joto tamu, ukizikunja ziko laini, ukizipanga sandukuni roho inatulia. Prof akapita akitikisa kichwa: "Joto nayo inadanganya. Kitu chenye joto hakikuambie kama kimelowa." Nani angemsikiliza? Baada ya siku chache masanduku yote ya avenyu yakanuka uvundo. Blauzi ya mama ya kanisani ikatoka madoa ya kijani. Prof alisimama tu juu ya ukuta na kikombe chake, na mama akamwambia, "Shuka huko!"

Basi mtu huyo, anayejua hivi vyote, alikuwa na imani moja ambayo hakuna kitabu kingeweza kuing'oa. Aliamini kuwa baridi inaingia mwilini kupitia nyayo, na ikishaingia inapanda, na ikipanda inaleta malaria. Mtoto akitembea pekupeku kwenye sementi, Prof alimfokea kutoka mbali. Nilimuuliza mara moja, nikiwa mkubwa tayari, na mdomo wangu hauna breki: "Prof, si wewe ulitufundisha ni mbu?"

"Mbu ninamujua," akasema. "Na baridi ya miguu nayo ninaijua."

Nikacheka. Akacheka pia, lakini aliangalia miguu yangu kuona nimevaa nini.

Alikuwa mtu wa kugusa. Hilo nalo lilikuwa la ajabu kwa mtu anayesema ngozi inakisia. Hakusalimia mtoto bila kumweka mgongo wa kiganja kwenye paji. Maji ya kuoga aliyapima kwa kiwiko, ukuta wa nyumba aliupapasa asubuhi kuona kama umetoa jasho. Mke wake alipokuwa mgonjwa, miaka ile kabla hajamzika, alikaa kitandani amemshika mguu, akisema mtu mgonjwa ashikwe mguu, mkono unashikwa na kila mpitaji. Alipobaki peke yake, binti yake akiwa ameolewa Butembo, akaanza kugusa vitu zaidi. Kiti, meza, mlango, mlango tena.

Sasa viatu.

Alikuja kibandani kwangu msimu wa mvua, amevaa viatu vyeusi nilivyomchagulia mwenyewe, vya ngozi, soli nzima. Akavua kimoja, akakiweka mbele yangu.

"Mutoto yangu, hii kiatu inaingiza mayi."

Niliingiza mkono mpaka kwenye kidole gumba. Kikavu. Nikamwambia.

"Ulikigusa vibaya," akasema. "Soksi yangu imelowa tangu asubuhi."

Mteja ni mteja. Nikampa jozi nyingine. Akarudi. Nikampa mabote ya mpira, yale ya kuvukia matope ya Mugunga, ambayo hata ukiyajaza ziwa hayatoi tone. Akarudi. Kordonye, fundi viatu anayekaa pembeni yangu, muzee mmoja mwenye subira ya punda, akachukua lile bote, akamimina maji ndani, akaliinua juu mbele ya macho yetu. Tulisimama watatu tukiangalia kama watu wanaosubiri mchele uive. Hakuna kilichotoka.

"Unaona, Prof?" kordonye akasema.

"Ninaona," Prof akasema. "Lakini muguu yangu inasema mayi."

Alipoondoka, kordonye akanong'ona, "Uzee." Mimi nikacheka kidogo, halafu kicheko kikanikauka mdomoni. Tantine yangu, shangazi wa Katindo, alianza hivyohivyo. Alilalamika kwamba anatembea kwenye majani yenye umande, na nyumbani kwake hakuna jani hata moja. Ilikuwa sukari. Ilimkula mishipa ya fahamu ya miguu kimyakimya, ngozi ikabaki inatuma habari za uongo, mwishowe ikaacha kutuma habari yoyote. Leo tantine anakaa kwenye kiti, na mguu mmoja ulizikwa kabla yake.

Nilimfuata Prof nyumbani. Nilimkuta amekaa karibu na mbabula, makaa yamewaka vizuri, soksi zimetandikwa kwenye mgongo wa kiti zikikaushwa. Nikazishika. Zilikuwa kavu hadi zimekakamaa. Na ndani ya mabote, Mungu wangu, alikuwa ameweka sashe. Alivaa soksi, juu ya soksi sashe, juu ya sashe bote. Yeye mwenyewe!

"Prof," nikasema, "maji yatapitaje hapo?"

"Jasho," akasema haraka. Jibu alikuwa ameshaliandaa.

"Na soksi mbona kavu?"

"Zimekauka hapa kwa moto."

"Prof. Baridi na kukamatwa vikifika pamoja, kichwa inasema nini?"

Akanitazama. Nilijua kuwa amenielewa, kwa sababu alianza kupapasa ukingo wa meza. Nikamwambia twende kituo cha afya, ni kuchomwa kidole tu, tone la damu, wanapima sukari, tunarudi. Nikamwambia habari za tantine. Hapo nilikosea, ningeanza na jambo lingine. Akasimama, akasema chai yake inapoa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa wa kumwangalia miguu. Nilikuwa naongea na wateja, macho yakiwa barabarani. Nikimwona anapita nahesabu anavyokanyaga: anauweka mguu chini kwa mshindo, kama mtu asiye na hakika kwamba ardhi imefika. Nikimuuliza hali, anasema, "Niko muzima." Mtu mzima hasemi hivyo kwa haraka vile.

Kisha ikatokea ile ya kaa. Kando ya kibanda changu kuna mama anachoma mahindi. Mchana ule jua lilikuwa limetoka, na Prof alikuja amevaa kandambili, kwa sababu, alisema, leo ameamua kuipa miguu hewa. Alisimama kati yetu akitueleza kwa nini mahindi yanapasuka kwenye moto. Mama akageuza makaa, kaa moja likaruka, likatua juu ya mguu wake, pale kati ya kidole gumba na mkanda wa kandambili. Likakaa hapo. Prof akaendelea kuongea. Nilikuwa nimempa mgongo, napanga viatu, na kilichonigeuza ni harufu.

"Prof! Muguu!" mama wa mahindi akapiga kelele.

Akaangalia chini. Aliona kaa, aliona moshi mdogo, na aliuondoa mguu taratibu, kama mtu anayesogeza kiti cha mwenziwe. Hakupiga yowe, hakuruka. Mama wa mahindi ndiye aliyelia. Mimi nilimwaga maji ya kunywa yote juu ya mguu ule nikimtazama usoni, nikitafuta aumie. Nilitamani aumie! Hakuna.

"Haiumi," akasema, na akatabasamu kututuliza.

"Si ndiyo shida hiyo!" nikamfokea. Nilimfokea mtu aliyenifundisha kusoma jina la kila mfupa wangu, mbele ya soko zima.

Hakwenda kituo cha afya. Niliomba, nilinuna, nilimtuma kordonye, nilimpigia binti yake Butembo, naye akapiga simu akilia, na Prof akamjibu kwamba mtandao ni mbaya. Alijifunga kitambaa, akavaa soksi juu yake, akaenda kufundisha. Mwishoni nilimbana ukutani kwetu, nikamwambia sitoki hapo mpaka aniambie anaogopa nini. Sindano? Daktari?

Alianza kukwangua kuvu ya kijani kwenye jiwe kwa ukucha.

"Mutoto yangu," akasema, "wewe umekimbia mara ngapi katika muji huu?"

Nani anahesabu?

"Tulikimbia mulima. Tulikimbia masasi. Tulienda mupaka kule, tukaenda Sake, tukarudi. Unakumbuka njiani batu gani tuliwaacha wamekaa? Mimi ninawakumbuka. Kulikuwa muzee mmoja na fimbo, muguu moja. Alikuwa anatusalimia tukipita. Kila mutu anayepita anamusalimia: safari njema, safari njema. Nikienda pale kwa daktari, atanikata. Mutu wa muguu moja, Goma hii, siku ya kukimbia atafanya nini?"

Ningemwambia nini? Kwamba hatutakimbia tena? Hapa kwetu hata mtoto hawezi kukudanganya hivyo.

Kwa hiyo ndivyo alivyokuwa, na ndivyo ninavyotaka ajulikane: mtu aliyejua kuliko sisi sote jinsi mwili unavyodanganya, akachagua kuuamini wake, kwa sababu habari ya kweli ilikuwa inamkatia njia. Simlaumu. Nilimkasirikia sana, lakini simlaumu.

Wanafunzi ndio waliombeba. Alianguka darasani na homa, na wao ndio waliomvua soksi. Nilipofika hospitali daktari, msichana mdogo kuliko mimi mwenye macho ya kutolala, alinivuta pembeni akaniambia bila kuzungusha: sukari iko juu mno, kidonda kimeoza, weusi unapanda. Wakikata leo, watakata chini ya goti. Kesho hajui. Keshokutwa hakuna cha kukata tena.

"Amekataa," akasema. "Anasema haumwi. Bila yeye kukubali hatumgusi. Wewe ni mtoto wake?"

"Ndiyo," nikasema. Binti yake alikuwa Butembo, barabara imefungwa, na mtu lazima awe mtoto wake.

Nikaingia. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, amefunikwa blanketi zito la kijivu mpaka kifuani, uso umepungua, lakini nywele zimechanwa. Nilikaa kwenye ncha ya kitanda, upande wa miguu, kwa sababu hapakuwa na kiti. Niliingiza mkono chini ya blanketi.

"Wamekutuma," akasema.

"Nimekuja mwenyewe."

"Waambie sisikii maumivu. Mutu akiwa na jambo kubwa, anaumwa."

"Prof, kaa la moto lilikukalia na hukusikia."

"Ilikuwa kaa ndogo."

Hasira na machozi vilinijia kwa pamoja, sikujua nianze na kipi. Nikamwambia kesho hakuna goti. Nikamwambia binti yake amepiga simu kumi, amesema baba akifa bila yeye kumwona atamlilia nani. Akageuza uso dirishani.

"Na siku ya kukimbia?" akauliza.

"Tutakuweka kwenye chukudu," nikasema. Ndilo lililonijia: ile baiskeli ya mbao ya kubebea magunia ya viazi. "Nitasukuma mimi. Kordonye atasukuma."

"Kordonye amechoka kunishinda."

"Basi tutakaa, Prof. Tutakaa wote wawili tusalimie watu."

Alitaka kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipokwisha alilala akihema, macho juu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona mdomo wake unacheza kama wa mtoto anayezuia kilio.

"Banasema nimeoza," akasema polepole. "Na wewe pia unaamini. Umekaa kule mbali kama mugeni. Mama ya watoto wangu alipokuwa mugonjwa sikumuacha hivi. Ata kunishika muguu, hapana."

Kiganja changu kilikuwa chini ya lile blanketi, kimezunguka ule mguu wake mzuri, ule ambao daktari hakuutaja, kimeubana kwa nguvu zangu zote.

"Prof," nikasema. "Ninakushika. Tangu nimeingia ninakushika."

Alitazama mkono wangu mwingine uliokuwa kwenye goti langu. Akatazama blanketi, pale ulipoishia mkono usioonekana. Nilibana zaidi, ukucha ukazama. Niliona anasubiri, anausikiliza mguu wake wote kama alivyokuwa akiisikiliza mvua, na nikaona inamfikia kwamba hakuna kitu.

"Muguu gani?" akauliza.

"Ule mwingine, Prof. Ule mzima."

Akafumba macho.

"Muite daktari," akasema. "Mwambie akate ule wa kwanza leo, apiganie huu. Enda mbio, mutoto yangu, kabla sijapata neno ya kubisha."